Kaka amekutwa na RVCL: je, mimi na wanangu tupimwe?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 37, naishi Sakina, Arusha, kwetu ni Marangu. Baba yangu alifariki akiwa na miaka 54. Alianza kwa kutoona vizuri jicho moja, wakasema ni sukari, ingawa kila akipimwa sukari ilikuwa sawa. Baadaye mkono ukalegea, akawa msahaulifu na mkali, na picha ya kichwa ikasomwa kuwa ana uvimbe wa ubongo. Bibi mzaa baba naye alikufa akiwa haoni. Sasa kaka yangu mwenye miaka 44, anayeishi Uholanzi, ameambiwa ana ugonjwa wa kurithi wa mishipa midogo ya damu ya macho na ubongo, wanauita RVCL, na kwamba sisi ndugu zake tunaweza kuwa nao. Mimi naumwa sana kichwa upande mmoja tangu sekondari. Nina watoto wawili, wa miaka 12 na 7. Tupimwe? Kipimo kipo hapa kwetu? Kuna dawa? Kaka mwingine yuko Himo, hataki hata kusikia habari hizo, na upande wa baba wanasema haya yote ni mambo ya kihamba, yaani shamba la ukoo. – Mama wa wawili, Sakina.

JIBU: Marahaba, dada. Pole kwa baba, na pole kwa habari za kaka.

Kwanza, hakuna cha kukimbilia wiki hii. Kama unao ugonjwa huu, ulizaliwa nao, na mwezi mmoja au miwili ya kutafakari haitakupunguzia kitu. Ninasema hivi kwa sababu najua familia zikishapata habari kama hii watu hukopa fedha, hupanga safari ya Dar es Salaam, hupiga MRI, ile picha ya kichwa ya mashine ya sumaku, ambayo hakuna aliyeiomba, kisha hubaki na bahasha ya picha na maswali mengi kuliko waliyoanza nayo.

Umeuliza kama mpimwe. Ndani ya neno hilo kuna mambo mawili. La kwanza ni kama macho na mwili wako viko salama leo. La pili ni kama umebeba hitilafu ile ile ya jeni aliyonayo kaka. La kwanza ningependa ulishughulikie mwaka huu. La pili ni uamuzi wako, na una haki ya kutolitaka kabisa. Tatizo ni kwamba mambo haya mawili hayatengani kirahisi kama ninavyoyaandika hapa, na nitakueleza kwa nini nikifika kwenye macho.

Ugonjwa wenyewe ni nini? RVCL huanzia kwenye jeni moja iitwayo TREX1, iliyopo kwenye kromosomu namba 3. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya ambacho kazi yake ni kutafuna mabaki ya DNA ndani ya seli. Kimeng'enya hicho kina mkia unaokishikilia mahali pake. Kwa wenye RVCL hitilafu iko kwenye mwisho wa jeni, kwa hiyo kimeng'enya hutoka bila mkia. Ni kama mbwa mkali aliyekatika mnyororo: meno anayo yote, ila sasa anazurura popote. Tafiti za miaka ya karibuni zinaelekeza kwamba kikizurura hivyo huharibu DNA ya seli yenyewe. Wanaoumia zaidi ni mishipa ya damu iliyo midogo kabisa, ile tunayoiita kapilari. Ukuta wake unanenepa tabaka juu ya tabaka, kisha mshipa unaziba. Retina, yaani pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha, na ubongo havivumilii kukosa damu, ndiyo maana huonyesha madhara mapema na kwa ukali. Lakini mishipa midogo iko mwili mzima, hivyo figo na ini navyo huguswa, damu inaweza kupungua, na presha inaweza kupanda.

Madaktari walichukua muda kuuelewa. Mwaka 1988 familia moja ya Marekani ilielezwa kwenye majarida. Mwaka 1997 ikaelezwa nyingine, yenye asili ya China, ambayo figo zao pia zilikuwa zimeathirika, na mwaka 1998 ikafuata familia kubwa ya Uholanzi yenye shida ya retina, kipandauso na vidole vinavyobadilika rangi kwenye baridi. Kila familia ikapewa jina lake la ugonjwa. Ni mwaka 2007 ndipo ilipobainika kuwa zote zina hitilafu kwenye jeni hiyo moja. Kwa hiyo kaka yako, kwa bahati ndani ya bahati mbaya, yuko kwenye nchi yenye watu walioufuatilia ugonjwa huu kwa miaka mingi, hasa katika mji wa Leiden. Itumie hiyo bahati. Nitakuambia umwombe nini.

Kuhusu baba, siwezi kumpima mtu aliyekwisha kuzikwa. Ila maelezo uliyoandika yanafanana mno na jinsi RVCL inavyojificha. Kwenye retina huacha vidoti vya damu, mabaka meupe kama pamba, mishipa iliyovimba na maeneo yasiyofikiwa na damu, na daktari yeyote mwenye haraka ataona kisukari, kwa sababu kisukari ndicho anachokiona kila siku. Kwenye ubongo huweza kutokea doa kubwa lililozungukwa na maji, linalong'aa pembeni baada ya kuchomwa dawa ya picha. Hilo husomwa kuwa ni uvimbe, na kwa maeneo yetu husomwa pia kuwa ni kifua kikuu cha ubongo au maambukizi mengine. Simlaumu aliyeisoma picha ya baba. Magonjwa hayo yapo kwa wingi na yanatibika, na ni lazima yatangulie kufikiriwa. Hata Ulaya na Marekani wapo wagonjwa wa RVCL waliofunguliwa fuvu ili kikatwe kipande cha ubongo kikapimwe.

Kama mama bado yupo, muulize zilipo picha za baba. Wengi wetu huziweka kwenye ile bahasha kubwa ya kaki juu ya kabati, na hakuna anayethubutu kuitupa. Itafute. Doa la namna hiyo likiambatana na vijidoa vya chokaa kwenye CT, huku mgonjwa hana sukari, daktari anayeijua RVCL atalitazama kwa jicho tofauti. Unaweza kuzipiga picha hizo kwa simu dhidi ya mwanga wa dirisha na kumtumia kaka wa Uholanzi awapelekee madaktari wake. Ubora hautakuwa mzuri, ila ni bora kuliko hadithi tupu.

Bibi nisingemhesabu haraka. Mtu mzima aliyekufa haoni mlimani anaweza kuwa alikuwa na mtoto wa jicho au presha ya macho, na hayo ndiyo yanayowapofusha wazee wetu wengi. Uliza alianza kupoteza kuona akiwa na umri gani. Ukiambiwa arobaini na kitu, ni jambo moja. Ukiambiwa sabini, ni jambo jingine kabisa.

Sasa hesabu. Kila mtoto wa mtu mwenye RVCL, wa kike au wa kiume, ana nafasi moja kati ya mbili ya kurithi. Baba akiwa ndiye aliyempa kaka, wewe uko kwenye nusu kwa nusu, na kaka wa Himo vilevile. Kaka mmoja kuupata hakukuongezei wala kukupunguzia, maana kila mtoto anapiga kura yake mwenyewe. Wanao, kwa sasa, kila mmoja yuko kwenye robo, kwa sababu wewe mwenyewe hujulikani. Ukipima ukakutwa huna, wanao wametoka kabisa, kwani ugonjwa huu hauruki kizazi. Ukikutwa nao, wanapanda kuwa nusu. Na lazima niseme lililo gumu: walio na hitilafu hii, karibu wote huugua wakiishi muda wa kutosha. Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 uliwaangalia watu 78 wenye hitilafu hiyo kutoka familia 11, na dalili za kwanza kwa kawaida zilianza kwenye miaka ya arobaini. Wapo walioanza mapema zaidi, na wapo waliochelewa.

Kichwa chako kisikutishe sana. Ni kweli zaidi ya nusu ya watu kwenye utafiti huo walikuwa na kipandauso, mara nyingi kikitangulia dalili nyingine kwa miaka. Lakini kipandauso ni kitu cha kawaida mno kwa wanawake wa umri wako. Ningetembea Soko Kuu la Arusha asubuhi moja ningewapata wengi wenye maumivu kama yako, na hakuna hata mmoja mwenye RVCL. Kitibu kama kipandauso. Kitu kimoja tu: kama kabla ya kuuma unaona vimulimuli au nusu ya picha inapotea, mwambie mhudumu wa uzazi wa mpango kabla hajakupa vidonge vyenye homoni ya estrojeni. Ushauri huo ungekuhusu hata kama kaka angekuwa mzima.

Tuje kwenye macho, ambako ndiko kazi yangu ilipo. Kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa inaweza kuanza, lakini kwa habari hii ningekuelekeza moja kwa moja hospitali ya KCMC, Moshi. Idara yake ya macho inafundisha madaktari bingwa, na mkoa wa Kilimanjaro una uzoefu wa miaka wa kuchunguza retina za wenye kisukari. Jicho linalojua retina ya kisukari vizuri ndilo litakalogundua pale retina inapofanana na ya kisukari na mwenye nayo hana kisukari. Watakupanua mboni kwa dawa ya matone na kupiga picha ya nyuma ya jicho. Kama kuna kitu cha kutiliwa shaka, watachoma dawa ya njano kwenye mshipa wa mkono na kupiga picha mfululizo inapopita kwenye retina. Kipimo hicho ndicho kinachoonyesha maeneo yaliyokauka damu kabla wewe hujaona tofauti yoyote. Usiogope mkojo ukitoka rangi ya chungwa siku hiyo. Nenda na mtu, maana utatoka huoni vizuri kwa saa kadhaa, na usirudi Sakina ukiendesha gari mwenyewe.

Hapa ndipo yale mambo mawili yanapogongana. Nikitazama jicho lako nikakuta mishipa iliyovimba na mabaka ya pamba, wakati huna sukari wala presha, na kaka yako ana RVCL iliyothibitishwa, nitakuwa nimekupa jibu la jeni bila wewe kuliomba. Jicho safi, kwa upande mwingine, halikuondoi kwenye orodha ukiwa na miaka 37. Kwa hiyo kabla ya matone, mwambie daktari waziwazi unataka kujua kiasi gani. Madaktari wa macho hatujazoea kuulizwa hivyo. Tumezoea kutazama na kusema. Sema wewe kwanza. Mwambie, kwa mfano, "ukiona kitu kinachohitaji matibabu niambie, mengine niache kwanza nimwone mshauri."

Vipimo vingine vya kuanzia ni vya bei nafuu, na kituo chochote cha afya kizuri kinavyo: presha, sukari, protini kwenye mkojo, kazi ya figo, picha kamili ya damu na vipimo vya ini. Vikiwa na kasoro ndogo, hilo peke yake si ushahidi wa RVCL, lakini presha na figo hutibiwa bila kujali kilichozisumbua. MRI ya kichwa siishauri kwa sasa, maadamu huna dalili ya ubongo. Kipandauso chenyewe huweza kuacha vidoti vyeupe, presha pia, na hakuna atakayeweza kukuambia kwa uhakika kidoti chako ni cha nani.

Kipimo cha jeni kwako ni rahisi kuliko kilivyokuwa kwa kaka. Kwake walitafuta kitu wasichokijua kilipo. Kwako ni kuangalia sehemu moja tu. Kwa hiyo mwombe nakala ya majibu ya maabara yenye jina la jeni na mabadiliko yenyewe kama yalivyoandikwa, herufi na namba zake zote. Kumwambia daktari "kaka ana RVCL" hakutoshi. Sampuli ni damu kidogo kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, ile ile ya picha kamili ya damu, na kwa kawaida kipimo kama hiki hufanyika nje ya nchi. Kaka aulize kliniki yake kama maabara yao hupokea sampuli za ndugu na kwa gharama ya nani. Kupeleka damu nje kuna vibali, na hospitali ndiyo inayovishughulikia. Tafadhali usimkabidhi shemeji anayesafiri chupa ya damu aiweke kwenye begi.

Kabla hujatoa mkono, kaa na mtu wa kukushauri, na siku ya majibu usiende peke yako. Jiulize utafanya nini na jibu la "ndiyo" Jumatatu asubuhi. Wapo wanaotaka kujua kwa sababu ya kupanga uzazi, mkopo, kazi, nyumba ya watoto. Wapo ambao jibu hilo lingewamaliza miaka kumi kabla ya ugonjwa kuanza. Sijui wewe uko upande gani, na mume wako ana haki ya kusikia kutoka kwako kwamba jambo hili lipo, hata kama hamtapima.

Watoto msiwapime. Wana miaka 12 na 7, ugonjwa ni wa watu wazima, na hakuna dawa ambayo ingeanzwa sasa ili kuwakinga. Ukimpima mtoto leo unamnyang'anya uamuzi ambao wewe mwenyewe unaufikiria kwa jasho. Wafikishe miaka 18, waelezeni, waamue.

Kuhusu dawa, nitakuwa mkweli. Hakuna dawa iliyothibitishwa kuuzuia au kuuponya. Dawa moja ya saratani, aclarubicin, imewahi kujaribiwa, na pale Washington University, St. Louis, walijaribu crizanlizumab, iliyotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa sikoseli. Hakuna hata moja iliyofikia hatua ya kuwa tiba. Kinachoweza kufanyika ni kulinda kilichopo. Mishipa mipya dhaifu ikiota kwenye retina, huzuiwa kwa leza, au kwa sindano ya ndani ya jicho ya bevacizumab, ambayo hutumika pia kwa wenye kisukari. Hii inaweza kuokoa uoni, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kusisitiza macho yatazamwe kila mwaka. Maji yanayozunguka doa la ubongo huweza kupungua kwa steroidi, dawa za kushusha uvimbe, za muda mfupi. Baba alipata nafuu ya wiki chache baada ya kuchomwa sindano wodini? Kama ndiyo, huenda ni hizo. Kuzitumia miaka hakujaonyesha faida, na kuna madhara. Mwambie na kaka asikubali mionzi ya kichwa bila madaktari wake wa RVCL kujua, kwa sababu mishipa ya wagonjwa hawa tayari inafanana na iliyoungua kwa mionzi.

Nyumbani, presha idhibitiwe hasa, sigara isiwepo, na diclofenac ya duka la dawa uiache. Najua kichwa kikishika ndiyo ya kwanza kukimbiliwa, lakini figo ambazo huenda ziko hatarini hazihitaji mzigo huo. Dawa za mizizi ziko kundi hilo hilo, kwa sababu ya figo na ini. Wa Arusha mnakumbuka 2011, foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu kwa shilingi 500. Sina ugomvi na imani ya mtu, nami naomba. Ninachokumbuka ni waliorudi wakaacha vidonge vyao.

Hayo ya kihamba nayaelewa. Watu watatu wa nyumba moja wakipofuka na kuchanganyikiwa wakiwa na umri wa kufanya kazi, ukoo utatafuta mkono wa mtu, na mara nyingi anayeonyeshewa kidole ni shangazi mjane au jirani wa mpakani. Karatasi ya kaka inaweza kumwokoa mtu huyo, na hiyo peke yake ni sababu nzuri ya kuongea. Ila usilitangaze kwenye kikao cha Desemba wakati kila mtu amerudi mlimani na mbege iko mezani. Anza na mmoja anayesikilizwa, baba mdogo au shangazi mkubwa, mkiwa wawili tu. Mwombe akusaidie kuchora ukoo wa baba: nani alikufa, akiwa na miaka mingapi, nani aliacha kuona, nani alipooza. Wazee wanaopinga neno "jeni" hukumbuka mambo hayo kwa usahihi wa ajabu, na mchoro huo utanisaidia mimi au daktari mwingine kuliko nusu ya vipimo.

Kaka wa Himo mwache. Kutojua ni haki yake kama kujua kulivyo haki yako, na matokeo yako yakija, yawe ya aina yoyote, usimpigie simu kumsomea. Mpe vitu viwili tu kwenye karatasi: kwamba akianza kuona ukungu, kidoti cheusi au kupungukiwa uoni pembeni aende kliniki ya macho na kumwambia daktari "kaka yangu ana RVCL", na kwamba uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, hata kwa dakika kumi na kuisha, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo na aseme maneno hayo hayo. Aiweke kwenye pochi. Si lazima aisome leo.